Waliosikiliza Laini ya Nne

Lindalen, Saskatchewan
9 Novemba 1974

Kwa Gunvor Rosseland, huko Toronto.

Mimi ni Torleif Skaar, nina miaka themanini na minne, na meno niliyobaki nayo ni yangu mwenyewe. Nimeuzika ukame wa miaka ya thelathini. Nimewazika nzige. Nimemzika mke wangu Borghild, na wachungaji watatu ambao kila mmoja alidhani atanizika mimi. Treni ilianza kusimama hapa nikiwa kijana, ikaacha kusimama, mimi bado nipo. Benki ilifungwa, shule ikafungwa, mgahawa wa Bwana Quong ukafungwa, mimi sijafungwa. Nakwambia haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kusomwa haraka haraka na kutupwa, ingawa shule nilisoma majira mawili tu ya baridi, na mwalimu mwenyewe alikuwa mlevi.

Nimesoma kitabu chako. Chote. Nilianza baada ya mavuno nikamaliza juzi, maana nasoma kwa sauti, neno nisipolisikia silishiki. Hakuna mwingine ndani ya nyumba hii ila paka, naye alikichoka mapema.

Mji wako unauita Merrin. Sawa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukojoa nyuma ya ghala la ngano la Lindalen akisoma ukurasa wa kwanza tu atajua yuko wapi. Na yule Oskar Mkubwa ni mimi, usinikatalie. Umesema ana mabega ya fahali na sauti ya kuamsha wafu. Sauti umeipatia, mabega umeyapunguza. Umesema alipanda sleji ya kuvutwa na farasi akaingia kwenye dhoruba kumfuata daktari. Hilo sikulifanya. Ningeweza, lakini sikulifanya, nilikuwa nimekwama kwenye ofisi ya ghala. Na farasi wangu hakuwa mweusi. Alikuwa wa kijivu, na akili alikuwa nazo kuliko mkuu wa posta.

Siandiki kwa ajili ya farasi, hata hivyo.

Kuna yule baba uliyempa jina la Anders. Mkewe anatokwa damu chumbani, na yeye amesimama ukutani na mkonga wa simu sikioni, kimya, mdomo umefungwa kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu. Umeandika kwamba alisimama hivyo mpaka giza likaingia, na daktari akachelewa, na mama akafa, kwa sababu mwanamume yule hakuwa na moyo wa kusema neno.

Anders huyo ni Aslak, baba yako. Na mambo hayakuwa hivyo.

Yuko nyumba ya wazee hapo Holbeck. Kifua kimejaa maji na macho yamekwisha. Mimi humwendea kila Alhamisi tunacheza karata, ananiibia hivyo hivyo na upofu wake. Daktari wa sasa, kijana mdogo anayenuka sabuni, anasema Aslak hataona majani ya masika. Njoo kabla hajafa. Nitakuja kukuchukua Holbeck kwa pikapu yangu, ambayo inawaka kwa mara ya kwanza hata kwenye baridi ya kupasua mawe, muulize yeyote.

Torleif Skaar


Toronto
20 Novemba 1974

Bwana Skaar,

Kalamu imekataa kidogo kuandika "Bwana Skaar". Nilikuwa nakuita Mjomba. Lakini miaka mingi imepita na sikujui tena, wala wewe hunijui.

Asante kwa kusoma kitabu. Merrin ni mji wa kubuni. Nilichukua upepo wa kwenu, ghala, na kahawa inayonywewa na donge la sukari katikati ya meno, mengine nikayatunga. Oskar ana mabega yako, nakiri, ila hakuwahi kuwa wewe.

Kuhusu Anders sitabishana. Sikutunga. Nilikuwa na miaka saba, nimejificha chini ya meza ya jikoni, nimekumbatia mguu wa meza. Nilimwona baba. Mwanzo alisema maneno machache kwenye simu. Halafu akanyamaza. Mama alikuwa anaita kutoka chumbani, "Aslak, wanakuja? Aslak?" Yeye alisimama tu. Nilikuwa nautazama mdomo wake nikiungoja ufunguke. Dirisha liligeuka kutoka jeupe likawa la bluu, likawa jeusi, na mdomo ule bado umefungwa. Daktari alifika asubuhi. Mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufunikwa.

Nilipokuwa na miaka kumi, siku alipokuwa ananipeleka kwenye treni niende kwa shangazi Winnipeg, nilimwuliza, "Baba, kwa nini hukusema kitu?" Akainama akanifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. Basi. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Umetaja habari za watu wa kwenye kitabu. Mmoja tu nimemwandika kama alivyokuwa, yule Mama Birgit wa jiko lenye moto. Huyo ni Mama Borghild, mkeo. Alinilaza kitandani kwenu majira yale yote ya baridi na kunichana nywele kila asubuhi. Pole sana kwa kumpoteza. Sikujua.

Sitakuja Holbeck. Mpe salamu ukiona inafaa.

Gunvor Rosseland


Lindalen
1 Desemba 1974

Gunvor,

Nilikasirika, nikaenda kupasua kuni. Nimepasua za majira yote ya baridi kwa siku moja, na mkono wala hauumi. Sasa nakaa nakujibu.

Ulichokiona umekiona. Sikatai. Mtoto wa miaka saba haoni uongo. Lakini ulikuwa chini ya meza, simu ilikuwa juu ukutani, na dhoruba ilikuwa nje. Mtu wa chini ya meza huona magoti. Mimi nitakueleza ya juu.

Umesahau simu zetu zilivyokuwa. Nyumba zote za upande wa kaskazini, kuanzia kwa Hrynchuk mpaka kwa kina Marit Ødegaard, zilikuwa kwenye waya mmoja, laini ya nne. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Kwenu ilikuwa mirefu miwili na mfupi mmoja. Kwetu mfupi, mrefu, mfupi. Lakini mlio wa yeyote ulilia kwenye nyumba zote, na kila mtu aliusikia, na kila mtu aliinua mkonga. Wenyewe tuliita kuchungulia. Mchungaji alikemea akiwa madhabahuni, na mkewe ndiye aliyekuwa bingwa. Utamlaumu nani. Mwanamke yuko peke yake kwenye nyumba ya mbao, jirani ni nukta kwenye upeo wa macho, mume yuko shambani au mjini, miezi mitano ya theluji. Simu ikilia kwa mwenzake anakwenda kusikiliza bei ya mayai ili tu asikie mtu anapumua. Borghild aliweza kukanda unga huku mkonga ameubana kwa bega. Mimi mwenyewe nilikuwa msikilizaji hodari kuliko wote, nilijua nani amechumbiwa kabla ya bwana harusi.

Sasa kuna jambo hili, na watu wa Toronto hawalijui. Kila mkonga ulioinuliwa ulikula sauti. Wakisikiliza wawili, sauti inapungua. Wakisikiliza wote, wenyewe kwa wenyewe mnasikilizana kama kuku bandani, lakini Holbeck, kwenye mtambo wa simu, yule opereta anasikia mvumo tu. Na daktari alikuwa Holbeck. Bila opereta hakuna daktari.

Siku ile Aslak alizungusha simu, alitaka Holbeck. Kengele ikalia kwetu sote. Nilikuwa ofisi ya ghala, nimekwama tangu jana yake, kwa theluji ile huoni hata mkono wako. Niliinua. Na hivi ndivyo nilivyosikia, maana masikio yangu hayasahau:

"Nani huyo?"

"Ni Aslak. Ragna anatokwa damu. Nipisheni, namtafuta daktari."

"Yesu wangu. Damu nyingi?"

"Nipisheni, jamani."

"Mwinulie miguu, Aslak. Weka mto chini ya miguu."

"Marit, acha kumfundisha mtu, mwache apige."

"Acha wewe. Mimi nimezaa tisa, wewe umezaa nini?"

"Opereta. Opereta. Eunice, unanisikia?"

Eunice hasikii. Na kila mmoja anamwambia mwenzake aweke chini, na hakuna anayeweka, kwa sababu kila mmoja anataka kujua kama Ragna atapona. Walimpenda, Gunvor. Waling'ang'ania mikonga yao kwa sababu walimpenda.

Hapo ndipo mimi nikasema. Sauti yangu unaijua, umeiandika mwenyewe. Nilisema, "Watu wa laini ya nne, huyu ni Torleif Skaar. Kila mtu aweke mkonga chini sasa hivi. Na wewe Aslak, nyamaza kabisa. Usiseme neno. Sikiliza wanavyoshuka mmoja mmoja. Laini ikiwa tupu, ndipo umwite Eunice." Kisha nikaweka wangu, wa kwanza.

Alinyamaza kwa sababu mimi nilimwambia anyamaze. Mtu akiweka chini ilisikika tk, na upepo kwenye waya unakuwa mkubwa kidogo. Baba yako alikuwa anasikiliza zile tk. Mama yako anamwita, na yeye hawezi kujibu, maana akizungumza hatasikia, na majirani waliobaki wakisikia sauti yake hawataweka chini, wataanza tena kuuliza kuna nini. Wewe ulikuwa unatazama mdomo. Ungetazama sikio.

Torleif Skaar


Toronto
12 Desemba 1974

Mjomba Torleif,

Barua yako nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuta nimesimama ukutani karibu na simu. Nilisogea.

Nataka kukuamini. Ndiyo maana nauliza kama karani wa mahakama. Ikiwa uliweka wa kwanza, umejuaje yaliyofuata? Na ikiwa wote waliweka, kwa nini ilichukua alasiri nzima? Dirisha liligeuka jeusi, Mjomba, sikuota. Kuna mtu hakuweka. Nani?

Na kwa nini baba hakuniambia? Nilimwuliza. Nilikuwa na miaka kumi, ningeelewa. Ameniacha nimchukie miaka yote hii, nimwandike, watu wamsome kwenye treni. Ni mtu wa namna gani anayeacha jambo kama hilo, na jibu analo?

Gunvor


Lindalen
23 Desemba 1974

Gunvor,

Kesho ni mkesha wa Krismasi na nimeloweka samaki wa magadi wa kuliwa usiku huo, ndoo nzima, kana kwamba kuna watakaokuja. Nyumba ya Ødegaard imebebwa juu ya lori wakati wa vuli, nzima nzima na mapazia yake, kupelekwa Holbeck. Kwenye barabara yangu sasa taa ni yangu peke yake. Ukisimama kwenye reli huko ukiona taa, ni mimi huyo.

Unauliza nimejuaje. Kwanza, Eunice Tackaberry, opereta, aliniambia mwenyewe. Aliona kibati cha laini ya nne, kile kinachoonyesha kuna anayepiga, kimeanguka kwenye mtambo wake, akachomeka waya, akasikia mvumo. Hakutoka kwenye kiti chake. Alichomeka na kuchomoa alasiri nzima, mvumo, mvumo, kisha ghafla sauti ya Aslak ikatokea wazi kama iko chumbani, inasema, "Eunice, nipe Daktari Pruitt, upesi." Pili, Aslak aliniambia makaburini. Alisikia tk zote. Zote isipokuwa moja. Alijua kuna mkonga mmoja juu, akausubiri. Kwa waya ule wetu wa kuungwaungwa, na barafu juu yake, mmoja ulitosha. Alizungusha akakuta mvumo, akanyamaza tena, akasubiri tena. Daktari naye alisema angeitwa kabla ya giza angefika.

Unauliza nani. Hapo sitakujibu. Amekwisha kufa, na anao watoto, na wanaimba kwaya.

Unauliza kwa nini hakukuambia, na hili nitakujibu maana nilikuwepo. Baada ya ibada ya mazishi wanawake wa laini ya nne walikuja kwenu na mikate, na supu, na soksi ulizofumiwa. Walijaa jikoni. Ulikuwa unapita kutoka paja hadi paja. Mimi na Aslak tulikuwa kibarazani, nikamwambia, kwa sauti ya chini, maana ninayo hata ya chini, "Mmoja wa hawa." Akasema, "Najua." Nikasema, "Utafanya nini?" Aliwatazama kupitia dirishani. Akasema, "Mtoto atalelewa na nani, Torleif, kama si hawa?" Kisha akanitaka nifunge mdomo, nikaufunga, na hakuna mtu mwingine kati ya hapa na milima ambaye angeufunga muda wote huo.

Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Umchukie yeye, au uwachukie wote waliokuwa wanakulisha. Akajichagua. Na kitabu chako kimetusifu sisi na mikate yetu, na yeye kimemtundika. Ndiyo maana nimekuandikia. Sikuweza kuvumilia sifa zile.

Jambo lingine. Kitabu amesomewa. Nesi Philomena wa pale nyumba ya wazee alimsomea sura moja kila jioni baada ya chakula. Alipofika kwenye simu akasita, akataka kuruka. Aslak akamwambia, "Endelea. Anaandika vizuri." Nesi alilia, yeye hapana. Alhamisi ile aliniambia, "Umesikia, Torleif, mwanangu ameandika kitabu."

Safari hii sikupigii magoti, magoti yangu hayakunjiki. Lakini pumzi yake inasikika kutoka kwenye korido. Ukichelewa utakuja kusimama juu ya theluji.

Torleif Skaar


Nyumba ya wazee, Holbeck
16 Januari 1975

Torleif,

Nesi Philomena anaandika ninayosema, na nimemwambia aandike yote, hata yale ambayo hataki.

Mdomo wako ni ghala lililong'olewa mlango. Nilikuomba jambo moja maishani. Sikukuomba farasi, sikukuomba mbegu mwaka ule wa mvua ya mawe. Nilikuomba unyamaze, na umeshindwa karibu na mwisho, kama mtu anayebeba mayai kutoka mjini halafu anajikwaa mlangoni kwake.

Alikuja Jumanne. Nilisikia mtu amesimama mlangoni, haingii, anadondosha theluji. Nikadhani ni mchungaji. Nikasema, "Bado sijafa, rudi kesho." Akasema, "Baba, ni mimi." Nikasema, "Wewe nani?" Nilimjua, Torleif. Nilitaka aseme jina lake, nilisikie.

Kuhusu simu hatukuzungumza sana. Alianza, nikamwambia asogeze kiti, kuna upepo dirishani. Baadaye aliuliza nani alikuwa wa mwisho kuweka. Nikamwambia sijui. Na wewe hujui. Umenielewa? Borghild alimchana mtoto wangu nywele kila asubuhi, mtoto akirudi Jumapili nyumbani kwangu, kichwa kimesukwa vizuri kama cha mtoto mwenye mama. Mwache Borghild alale.

Ameninyoa. Amenikata shavuni. Anasema anakaa mpaka mwisho wa mwezi, kazi yake inabebeka.

Alhamisi usije, yupo. Wala Alhamisi ijayo. Nitakuambia lini.

Aslak Rosseland
(kwa mkono wa P. Doiron, nesi, ambaye hajaandika neno moja alilolisema kuhusu daktari)


Toronto
2 Machi 1975

Mjomba,

Nimerudi jana. Nyumba yangu inanuka kama chumba kisicho na mtu. Asante kwa kuja kumkeshea, na kwa kukaa kwenye korido ingawa nilikuambia uingie.

Wanasema ardhi ya kwenu haichimbiki mpaka Mei, na hadi hapo jeneza la baba litakaa kwenye kile kibanda cha mawe makaburini. Nitakuja Mei. Nilitaka kukuuliza pale, nikashindwa: usiku ule wa mwisho alikuwa ananisikia? Nesi anasema ndiyo. Kila mtu husema ndiyo.

Kitabu kinachapwa upya. Mchapishaji amenikubalia niongeze kurasa mwishoni. Sitaki kumbadilisha Anders na kumfanya malaika, baba angecheka. Nataka wasomaji wamsome Anders kama nilivyomwona mimi chini ya meza, kisha wageuze ukurasa wakutane na mtu aliyekuwa juu. Niandikie maelezo yako ya siku ile, kwa lugha yako, na uweke sahihi. Usipambe. Najua nakuomba jambo gumu.

Jina la wa mwisho sihitaji. Baba alisema hajui, nikamwambia sawa.

Gunvor


Lindalen
19 Machi 1975

Gunvor mwanangu,

Karatasi hizi ni za kuchapwa, ukitaka. Mistari hii ya kwanza tu ndiyo yako peke yako.

Alikusikia. Mimi si "kila mtu". Nilikuwa kwenye korido, mlango uko wazi, na nilisikia unamsomea habari za mto kwenye kitabu chako, ukaruka mstari, na yeye akaguna. Mtu asiyesikia haguni pale pale mstari uliporukwa. Basi.

Alhamisi hizi naendesha mpaka Holbeck bila sababu. Nakaa sebuleni kwao. Wananipa kahawa, dhaifu, unaona chini ya kikombe. Kisha narudi.

Sasa ya kuchapwa.

Mimi Torleif Skaar nilikuwa mkuu wa ghala la ngano Lindalen, bora kuliko waliokuja baada yangu. Siku ya dhoruba ya Februari 1947 nilikuwa ofisini kwenye ghala na sikuweza kufika nyumbani. Mke wangu alikuwa peke yake tangu jana yake. Simu ya ghala ilikuwa laini ya nne kama yetu, lakini nguzo moja ilikuwa imelala, na tangu asubuhi nilikuwa nikiita nyumbani mlio haufiki. Milio ya wengine ilinifikia na sauti yangu ilifika, mlio wangu ndio haukufika. Sikujua hilo. Niliacha kuita, nikakaa karibu na jiko la makaa. Borghild hakujua kama niko ghalani au nimekufa njiani. Wengine walikuwa wamekufa njiani, miaka mingine, kati ya ghala na nyumba zao, na kuonekana theluji ilipoyeyuka.

Aslak Rosseland alipopiga simu tuliinua sote. Niliyokuandikia Desemba ndiyo yaliyosemwa, yachape hivyo hivyo, na Marit umwachie watoto wake tisa. Nilisema kila mtu aweke chini. Wakaweka, mmoja mmoja. Nilimwambia Aslak anyamaze, akanyamaza, akiwa na mke anayemwita. Sijaona mwanamume mwingine aliyeweza hilo. Mimi mwenyewe nisingeweza, na hapo ndipo mahali pekee aliponishinda.

Wa mwisho hakuweka. Aslak alisema hajui ni nani. Alijua. Nilimwambia mimi, siku ya tatu, nilipofika kwake. Alilibeba kosa la nyumba yangu mpaka kwenye kile kibanda cha mawe, na sasa kwa kuwa hawezi kunikataza, nalichukua.

Alikuwa mke wangu, Borghild Skaar.

Nilipofika nyumbani dhoruba ilipokwisha nilimkuta kwenye kiti kando ya simu, mkono umekufa ganzi. Hakuwa anajua la Ragna. Aliinua simu kama wote, akasikia makelele, sikio lake la kushoto lilikuwa bovu hakushika maneno. Kisha akasikia sauti yangu. Ndipo kwanza akajua kwamba niko hai. Aliniambia, "Nilisikia ni wewe, Torleif. Sikusikia unasema nini. Nikasema nisiweke, labda atasema tena." Akakaa hivyo, mkonga sikioni, laini iko kimya, anangoja niseme tena. Upande wa pili Aslak yuko kimya, anangoja aweke. Walisikilizana hivyo mpaka giza, hakuna aliyejua ni nani yuko pale. Usingizi ulipomlemea akautundika mkonga kwenye ndoano yake, na Eunice akasikia.

Nilimwambia Borghild siku ileile kilichotokea, maana Eunice alikuwa amekwisha kunieleza kwa simu habari za Ragna na ule mvumo. Sikujua namna ya kutokumwambia. Alivaa koti akaenda kwa Aslak kwa miguu, theluji mapajani, akagonga. Yaliyosemwa ndani sijui, na nilikuwa mjuzi wa mambo ya watu. Alirudi amekushika mkono wewe, na begi lako dogo. Tangu hapo hakuinua simu tena mpaka alipokufa. Ikilia mlio wetu aliniita mimi.

Usimwondoe Mama Birgit kwenye kitabu chako. Mwache na jiko lake na chanuo lake. Ila mwishoni mweke na hili, na jina lake kamili. Wale watoto wa kwaya niliokutajia Desemba niliwatunga ili nimfiche.

Watakaonishuhudia. Eunice Tackaberry, aliyekuwa opereta Holbeck, sasa anaishi Moose Jaw kwa binti yake, ana akili zake zote na hasira zake zote. Petro Hrynchuk, shamba la kwanza kaskazini mwa reli, aliyekuwa kwenye laini siku ile. Hanipendi tangu tulipogombania ua wa mpaka, kwa hiyo hatanisaidia kusema uongo. Nesi Philomena Doiron, kwa maneno ya Aslak, alikuwa anayaandika. Kuhusu alichoniambia Borghild nilipoingia mlangoni hakuna shahidi. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na sasa niko mimi.

Torleif Skaar, kwa mkono wangu mwenyewe